Uzee wa Simu Si Ubovu Wake

Simu janja ndogo ya zamani ni ile yenye kioo cha takriban inchi 4 hadi 5 na nusu, iliyoacha kuuzwa mpya miaka kadhaa iliyopita, ambayo mwenyewe bado anaitegemea kwa kazi zote za siku: kupiga, kutuma ujumbe na pesa, kupiga picha, kusoma habari. Humo zimo Xperia za Sony zilizobeba jina la Compact hadi 2018, zimo iPhone 12 mini na 13 mini za 2020 na 2021, na imo ile inayobishaniwa kuliko zote, iPhone SE ya kwanza, iliyoingia sokoni Machi 2016 ikiwa na kioo cha inchi 4 na uzito wa gramu 113.

Maoni yaliyoenea juu ya simu hizi ni mafupi: zimepitwa. Muuzaji dukani husema hivyo, na si ajabu, maana biashara yake ni kuuza mpya. Lakini hata fundi simu, ambaye angepaswa kujua zaidi, husema hivyohivyo. Akibanwa aeleze, hutoa hoja zilezile: ni nzito kufungua vitu, haikai na chaji, haipati apdeti kwa hiyo si salama, kioo kinaumiza macho, na tena kama ingekuwa nzuri wasingeacha kuitengeneza. Kila hoja hapo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana maoni yenyewe yamedumu. Kosa ni kuchukua betri, programu na mtandao, vitu vinavyozeeka kila kimoja kwa kasi yake, na kuvifunga furushi moja linaloitwa uzee. Kisha udogo, ambao hauhusiani na umri hata kidogo, unatiwa humohumo.

Betri ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Betri ya lithiamu huchoka kwa matumizi na kwa umri. Kadiri inavyochajiwa na kuishiwa, utando mwembamba uliojijenga juu ya elektrodi hasi huongezeka unene na kumeza sehemu ya lithiamu iliyopaswa kubeba chaji, huku ukinzani wa ndani ukipanda. Matokeo ya kwanza kila mtu anayajua: chaji inaisha kabla ya jua kuzama. Ya pili ndiyo yanayopotosha. Simu inaonyesha asilimia 30, mwenyewe anafungua kamera, inazima papo hapo. Kamera na prosesa zimedai umeme mwingi kwa mkupuo, volti ikaporomoka kwa sababu ya ule ukinzani, simu ikajizima kujilinda. Mwenyewe anatangaza kwamba simu imekufa, wakati kilichochoka ni kipande kimoja kinachobadilishwa mezani kwa fundi huku mteja akisubiri.

Apple yenyewe inasema betri za iPhone zilizotangulia iPhone 15 zilibuniwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji. Kwa mtu anayemaliza mzunguko mmoja kila siku, huo ni muda wa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Maana yake ni kwamba simu inaweza kuonyesha dalili za uchovu ingali mpya kabisa katika mengine yote, na kwamba simu ya miaka tisa iliyotiwa betri nzuri jana haina uchovu huo.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa watengenezaji. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba mfumo wake ulikuwa ukipunguza kasi ya prosesa katika iPhone 6, 6s, SE na 7 zilizokuwa na betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Zogo likawa kubwa. Kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018, na Machi mwaka huo, kupitia iOS 11.3, ikaweka sehemu ya kuonyesha afya ya betri. Februari 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja, na mwaka huohuo ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya Marekani. Kwa miezi mingi, basi, watu waliona simu zao zikizidi kuwa nzito, wakaamini ni uzee, wakanunua mpya, na dawa ilikuwa betri. Anayesema leo kwamba simu za zamani ni nzito kwa asili yake angepaswa kwanza kueleza kwa nini hizo zilirudia kasi yake baada ya kutiwa betri nyingine.

Kazi yenyewe inahitaji utulivu. Kwenye SE, fundi huanza na skrubu mbili ndogo sana zilizo kando ya tundu la chaji, kisha huinua kioo taratibu kwa kifyonzi cha mpira. Mwenye haraka akikivuta kwa nguvu hukata waya bapa wa kitufe cha alama ya kidole, na kitufe hicho kimefungamanishwa na ubao wa simu ileile moja, kwa hiyo cha simu nyingine kikipachikwa kitabonyezeka tu na hakitasoma kidole. Betri imeshikwa na tepu za gundi zinazovutwa polepole mpaka zitoke zote. Zikikatika, gundi hulainishwa kwa joto kidogo. Kuichokonoa betri kwa bisibisi ni kuomba moto. Kioo cha SE kinaingiliana na cha iPhone 5s ya 2013, jambo linalorahisisha kupata vipuri, ila betri za simu hizo mbili haziingiliani, na fundi asiyejua hilo huonekana mapema.

Hata ikiwa mpya, betri ya SE ina mAh 1,624 tu. Kioo kidogo hula umeme kidogo, na kwa ujumbe, simu za sauti na kusoma habari, siku hupita. Kwa anayetazama video tangu asubuhi haitapita, naye atahitaji pawabenki. Huo ni upungufu wa kweli, lakini ulikuwepo tangu siku simu ilipotoka kiwandani, na hivyo si ushahidi wa uzee.

Kuhusu wepesi, kinachosahaulika ni kwamba SE ilipewa prosesa ileile ya A9 iliyokuwa ndani ya iPhone 6s, pamoja na RAM ya gigabaiti 2. Kwa WhatsApp, ramani, barua pepe na kivinjari hiyo inatosha. Penye shida ni kuhama kutoka programu moja hadi nyingine: RAM ikijaa, programu iliyoachwa nyuma hufungwa kimyakimya, na ikirudiwa huanza upya. Inaudhi, hasa fomu iliyokuwa imejazwa nusu inapopotea. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, kinachoikaba simu ya namna hii ni nafasi ya kuhifadhia. Toleo la bei ya chini la SE lilikuja na gigabaiti 16, na sehemu ya hizo huchukuliwa na mfumo wenyewe. Grupu moja la kamati ya harusi, lenye video za sare, za ukumbi na za mpishi wa mwaka jana aliyesifiwa, linatosha kuijaza kabla ya mahari kutolewa. Kuzima upakuaji wa picha na video unaojiendesha ndani ya WhatsApp, na kufuta zilizokwisha kuonwa, huipa simu hiyo pumzi kuliko mtu anavyotarajia. Mwenye toleo la gigabaiti 64 hana kesi hii.

Hoja ya usalama ndiyo nzito kuliko zote, na wanaozitetea simu za zamani wamezoea kuipita juujuu. Mfumo endeshi usiozibwa mianya ni hatari, hapo hapana ubishi. Ila swali si simu ilitoka mwaka gani. Swali ni lini mara ya mwisho mtengenezaji aliziba mianya yake, na majibu yanatofautiana kabisa kutoka simu hadi simu. SE ya 2016 iliishia iOS 15, na bado Septemba 2025 Apple iliitolea iOS 15.8.5 ili kuziba kasoro katika uchakataji wa picha, kasoro ambayo kampuni ilisema huenda ilikuwa imetumika katika mashambulizi ya hali ya juu dhidi ya watu maalumu. Hiyo ni miaka tisa na nusu baada ya simu kuingia sokoni. Xperia XZ1 Compact, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, iliishia Android 9. Kuziweka simu hizo mbili kapu moja la "za zamani zisizo salama" ni uvivu wa kufikiri.

Pamoja na hayo, hali ya SE si shwari. Apple haijiwajibishi kuziba kila mwanya katika mifumo yake ya zamani. Huziba iliyoona ni mikubwa. Kivinjari nacho kimefungwa na mfumo. Katika iPhone, Chrome au Firefox kwa kawaida huendeshwa na injini ileile ya Safari, kwa hiyo kupakua kivinjari kingine hakumwokoi mtumiaji, na baadhi ya tovuti mpya zimeanza kuonekana nusunusu. Kwenye Android mambo yalipangwa kwa namna nyingine: Chrome husasishwa kupitia Play Store hata pale mfumo ulipokwisha kuachwa, ingawa nayo huwa na kikomo chake. Mwandishi wa habari za uchunguzi, mwanasheria mwenye kesi nyeti, au mtu yeyote anayeweza kuwindwa na wenye pesa nyingi, asiitegemee simu iliyoacha kupata matoleo kamili. Hilo linahusu kundi dogo la watu.

Walio wengi huibiwa kwa njia nyingine. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hauhitaji mwanya wowote kwenye mfumo endeshi. Anayepiga akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu na kuomba namba ya siri hajali kama kinachopokea ni simu ya mwaka huu au kitochi. Laini ikihamishwa kwa hila kwenda kwa mwizi, simu mpya ya bei kali inakosa mtandao sawasawa na ya zamani. Mtu aliyeambiwa kwamba usalama ni kununua simu mpya amepewa kinga ya ugonjwa asiokuwa nao, akaachwa wazi kwa ule ulioenea mtaani.

Tena huduma yenyewe ya pesa haikujengwa juu ya simu janja. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na hadi leo mteja wa Vodacom akibonyeza *150*00# anapata menyu bila bando na bila programu yoyote. Programu za benki ni habari nyingine. Baadhi zinadai mfumo mpya zaidi, na anayezitegemea anapaswa kuzijaribu kwenye simu husika kabla hajatoa pesa yake.

Mtandao unahitaji maneno machache. SE haina 5G. Ina 4G, na kwa matumizi ya kawaida kinachoamua kasi ni msongamano wa mnara kuliko umri wa simu. Waliopata hasara ya kweli ni wateja wa Marekani mwaka 2022, kampuni za huko zilipozima 3G na simu zisizoweza kupitisha sauti kwenye 4G zikakosa uwezo wa kupiga. SE ina uwezo huo. Jambo la kuangaliwa ni namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni: A1662, iliyokusudiwa hasa soko la Marekani, haina baadhi ya masafa ya 4G yaliyomo kwenye A1723, likiwemo lile la 28 la megahezi 700.

Udogo wa kioo hushutumiwa kana kwamba ni kilema kilichoponywa na maendeleo. Historia haisemi hivyo. Samsung ilipotoa Galaxy Note mwaka 2011, inchi zake 5.3 zilichekwa hadharani. Mwaka 2012 Apple iliitangaza iPhone 5 kwa kuonyesha kidole gumba kikifika kila pembe ya kioo, na kukisifu kipimo hicho kuwa ndicho chenye akili. Miaka miwili baadaye kampuni ileile ikauza iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Mkono wa binadamu haukurefuka katika miaka hiyo miwili. Kilichobadilika ni matumizi, hasa video, pamoja na faida inayopatikana kwenye simu kubwa.

Hata hivyo kipimo cha inchi chenyewe kinadanganya, kwa sababu hupimwa kimshazari. iPhone 13 mini ina inchi 5.4, yaani inaizidi ile Galaxy Note iliyochekwa. Lakini upana wake ni milimita 64 na wa Note ulikuwa 83. Mkono husikia upana. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Mwaka 2013 Steven Hoober, mbunifu wa Marekani, alichapisha matokeo ya kuwatazama watu wakitumia simu zao njiani na kwenye vyombo vya usafiri. Katika matukio 1,333, asilimia 49 ya watu waliokuwa wakigusa kioo walitumia mkono mmoja. Hilo linaonekana kwa macho ndani ya basi la mwendokasi saa kumi na mbili jioni: abiria amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, begi limebanwa kwapani, na mkono uliobaki unajaribu kufikia kitufe cha "nyuma" kilicho juu kabisa kushoto kwenye simu ya inchi 6.7. Gumba linanyooka, simu inapinduka, na sakafu ya basi haina huruma. Watengenezaji wanaijua shida hiyo, ndiyo maana wameweka namna ya kukishusha kioo chote chini ili gumba lifike, na madukani kumejaa pete za kubandika mgongoni mwa simu. Uzito nao uko hapo: iPhone 16 Pro Max ina gramu 227, mara mbili ya SE. Anayesoma amelala chali anaijua tofauti hiyo usoni.

Macho yana kesi yenye haki zaidi. Baada ya miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu na maandishi ya karibu hufifia. Herufi zinaweza kukuzwa kwenye mipangilio, lakini kwenye inchi 4 herufi zikikuzwa, kioo hubaki na mistari michache, na kusoma hugeuka kazi ya kusukuma kwa kidole. Mzee anayetaka kuona sura ya mjukuu kwenye simu ya video apewe simu kubwa bila mjadala. Vivyo hivyo mwanafunzi ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee, anayesoma kurasa za PDF usiku kucha, na mfanyabiashara anayepanga picha za nguo Instagram. Dereva wa bodaboda anayefungua ramani mchana kutwa juani atashindwa na betri ndogo. Watu hawa ni wengi, na ni kweli kwamba simu ndogo haiwafai. Maoni yanayopingwa hapa hayaishii kusema hivyo. Yanasema haimfai yeyote.

Hoja ya mwisho ya upande huo ni soko. Inadaiwa watu wamekwisha kupiga kura kwa pesa zao: 12 mini na 13 mini hazikuuzika vya kutosha, 13 mini ikaondolewa Septemba 2023, na Februari 2025 SE ya tatu ikatoa nafasi kwa iPhone 16e ya inchi 6.1. Ukweli wa matukio haukataliwi. Kinachokataliwa ni tafsiri. Kampuni inayouza simu zaidi ya milioni 200 kwa mwaka inaweza kuita fungu la asilimia chache kushindwa, na fungu hilohilo likawa mamilioni ya watu walionunua kwa hiari. Bidhaa kuacha kutengenezwa kunaonyesha mahali faida ilipo. Hakuonyeshi kama zile zilizokwisha kuuzwa zinafanya kazi. Kwa kigezo hicho Land Rover Defender ya zamani, ambayo kiwanda cha Solihull kiliacha kuitengeneza Januari 2016, isingeonekana tena mbugani.

Kuna pia gharama ambayo mnunuzi haioni kwenye risiti. Ripoti za Apple juu ya simu zake zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa ukaa ya simu, karibu sehemu nne kati ya tano kwa iPhone 13, hutoka kwenye utengenezaji, kabla mtumiaji hajaiwasha. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki ya 2024 inataja tani milioni 62 zilizozalishwa mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Umoja wa Ulaya umeanza kuwabana watengenezaji: tangu Juni 2025, simu mpya zinazouzwa huko lazima zitolewe apdeti kwa miaka mitano angalau tangu modeli iache kuuzwa, na betri zibakize asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Sheria hiyo inakiri jambo ambalo maoni yaliyoenea hukana: kwamba maisha mafupi ya simu yalikuwa uamuzi wa watu, na uamuzi hubadilishwa.

Anayechagua simu ya aina hii kwa mkono wa pili ana mambo ya kukagua papo hapo dukani, na hayana uhusiano na mwaka wa kutengenezwa. *#06# hutoa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, nayo ilingane na ile iliyo kwenye mipangilio ya simu. Watanzania walijifunza uzito wa namba hiyo Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozizima simu bandia. Simu ifutwe yote na kuwashwa upya mbele ya muuzaji, kwa kuwa iliyofungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza itaomba nywila yake na itabaki kipande cha kioo. Laini ya mtandao utakaotumika iingizwe na simu ipigwe, maana nyingine zilifungwa kwa kampuni moja ya ng'ambo. Afya ya betri iangaliwe, na ikiwa chini ya asilimia 80, bei ya betri ikatwe kwenye bei ya simu.

Kikomo kipo, na mara nyingi hakitangazwi na mtengenezaji wa simu. Kwa Afrika Mashariki hutangazwa na WhatsApp. Mei 2025 programu hiyo ilianza kudai iOS 15.1 au zaidi, na kwa siku moja iPhone 5s na iPhone 6 zikapoteza kazi yao kuu ingawa vioo, kamera na vitufe vyake vilikuwa vizima. SE ilipita, kwa kuwa mfumo wake wa mwisho uko juu kidogo tu ya mstari huo. Mstari ukipandishwa tena, itabaki simu ya kupiga, ya menyu za pesa na ya muziki, ikiwa bado na tundu la hedifoni ambalo simu nyingi mpya hazina. Asiyetaka kubaki nayo hivyo humpelekea fundi, maana kioo chake bado kina mteja mwenye 5s. Betri iliyovimba hadi kuinua kioo itolewe kwanza, bila kutobolewa wala kutupwa jalalani panapochomwa taka.